Jinsi ya kutumia *cuidadoso*, kivumishi cha Kihispania cha mtu mwangalifu

Maana ya *cuidadoso* ni nyepesi kukariri: mwangalifu. Ugumu huanza pale mwanafunzi anapotakiwa kulisema mbele ya mtu. Mgeni kutoka Hispania yuko karibu kukanyaga ngazi yenye utelezi, mwongozaji anataka kumwambia "kuwa mwangalifu", kichwani linamjia *sé cuidadoso*, na mgeni anabaki kumtazama yeye badala ya kutazama ngazi. Sarufi ya mwongozaji ni sahihi. Shida ni kwamba amechukua neno la kueleza tabia akalitolea onyo, na kwa sikio la Mhispania maneno hayo yanafanana na nasaha ya jinsi ya kuishi.

Kiswahili kinatuponza hapa kwa sababu "kuwa mwangalifu" yetu hufanya kazi zote mbili. Mama humwambia hivyo mtoto anayeanza kazi mjini, na humwambia vivyo hivyo mtoto anayebeba sufuria ya uji wa moto. Kihispania kimezigawa kazi hizo. Tabia ya mtu huelezwa kwa kivumishi *cuidadoso*. Hatari iliyopo mbele hutolewa onyo kwa nomino *cuidado*, peke yake au pamoja na kitenzi *tener*, yaani kuwa na. Ukiushika mgawanyo huu, sehemu kubwa ya makosa ya neno hili inaondoka.

Kipimo chake ni hiki. Kabla ya kusema, geuza kwanza sentensi yako ya Kiswahili. Kama unaweza kuweka "ana tabia ya uangalifu" bila kuharibu maana, tumia kitenzi *ser*, yaani kuwa, na *cuidadoso*. Kama unachotaka kusema hasa ni "angalia!", "jihadhari!" au, ukiwa Kenya, "chunga!", tumia *cuidado*.

"Dereva wetu ni mwangalifu": ana tabia hiyo, kwa hiyo *Nuestro conductor es cuidadoso.*
"Kuwa mwangalifu, kuna shimo": hapa ni angalia, kwa hiyo *Cuidado, hay un hoyo.*
"Kuwa mwangalifu na unayosema": ni ushauri wa mwenendo, kwa hiyo *Sé cuidadoso con lo que dices.* Hapa kivumishi kinakaa vizuri hata katika hali ya kuamuru, maana anayeshauriwa anaombwa awe mtu wa namna fulani.

Kulitamka na kuliandika

Neno lina silabi nne: *cui-da-do-so*. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kawaida katika Kiswahili, kwa hiyo hapo huna cha kujifunza. *Cui* ni silabi moja, kama "kwi" ya "kwisha". Usiikate ikawa "ku-i". *D* zote mbili ziko kati ya irabu, na katika mahali hapo *d* ya Kihispania hulegea ikakaribia "dh" ya "dhahabu", ulimi ukigusa meno kidogo tu. Kwa herufi zetu ungeandika "kwidhadhóso". Anayetofautisha "dada" na "dhahabu" tayari ana sauti hii. *S* ibaki "s"; mazoea ya lugha nyingine huwafanya baadhi ya wanafunzi waigeuze "z" kwa sababu iko kati ya irabu, na katika Kihispania hilo ni kosa.

Katika maandishi, anza na *c*. Ukiandika *quidadoso*, Mhispania atasoma "ki", kwa kuwa *qui* husomwa hivyo. Neno hili halina alama ya mkazo juu ya irabu, isipokuwa likipewa tamati ya kukuza: *cuidadosísimo*, mwangalifu mno.

Upatanisho

Kiswahili hubadili mwanzo wa kivumishi: mtu mwangalifu, watu waangalifu. Kihispania hubadili mwisho, na hubadili kwa idadi na kwa jinsia. Maumbo ni manne: *cuidadoso* kwa mwanamume mmoja au nomino ya kiume, *cuidadosa* kwa ya kike, kisha *cuidadosos* na *cuidadosas* kwa wingi. Mahali pa kivumishi pasikusumbue, kwa kuwa kwa kawaida hufuata nomino kama kwetu: *un mecánico cuidadoso*, *una cocinera cuidadosa*, *unas enfermeras cuidadosas*.

Mitego iko sehemu nne, na yote hutokana na mahali ambapo Kiswahili hakitulazimishi kufikiria jinsia.

Kwanza, mwanamke anayejieleza husema *soy cuidadosa*. Wanafunzi wa kike hukariri umbo la kamusi, ambalo ni la kiume, kisha hujikuta wanasema *soy cuidadoso* miezi mizima bila mtu kuwasahihisha. Mwalimu alisahihishe mapema, maana likishazoeleka mdomoni halitoki kirahisi.

Pili, kundi la wanaume na wanawake huchukua umbo la kiume la wingi, hata kama mwanamume ni mmoja tu: *Ana, Lucía y Pedro son cuidadosos.*

Tatu, *persona* ni nomino ya kike daima, hata inapomtaja mwanamume. *Mi padre es una persona muy cuidadosa.* Kivumishi hufuata *persona*, hakimfuati baba. Ukiondoa *persona*, kiume kinarudi: *Mi padre es muy cuidadoso.*

Nne, *gente* maana yake ni watu, ila kisarufi ni umoja na ni ya kike. *La gente de aquí es cuidadosa.* Mswahili, kwa kuwa ana "watu" kichwani, huteleza akasema *la gente son cuidadosos*. Ukitaka wingi, tumia *las personas son cuidadosas*.

Kitenzi gani kitangulie

*Cuidadoso* huenda na *ser*: *soy, eres, es, somos, sois, son*. Kwa wakati uliopita, ukieleza alivyokuwa mtu kwa kawaida, tumia *era*: *Mi abuela era muy cuidadosa con el dinero*, bibi yangu alikuwa mwangalifu sana na pesa. Kwa wajibu: *Debemos ser más cuidadosos*, au bila kumtaja mtu, *Hay que ser cuidadoso*.

Wanafunzi waliokwisha kufundishwa kwamba *estar* ni kitenzi cha hali ya muda huona ni busara kusema *estoy cuidadoso* wanapomaanisha "sasa hivi ninafanya kwa uangalifu". Haileti maana hiyo. *Hoy estás muy cuidadoso* inaweza kusemwa, lakini inabeba mshangao: leo umekuwa mwangalifu kweli, si kawaida yako. Kwa uangalifu wa wakati huu sema *estoy teniendo cuidado* au *lo hago con cuidado*. Mwenendo wa muda huweza pia kuelezwa kwa *está siendo cuidadoso*, hasa unapozungumzia mtu anayepima maneno katika mazungumzo magumu.

Sasa njoo kwenye *tener*. Kitenzi hiki kinataka nomino, kwa hiyo ni *ten cuidado*. *Ten cuidadoso* haipo. Upande wa pili, *ser* inataka kivumishi, kwa hiyo *sé cuidadoso*. *Sé cuidado* haipo. Tofauti hiyo hiyo inaamua neno la kukazia. Kivumishi hukaziwa kwa *muy*, nomino kwa *mucho*: *Es muy cuidadoso. Ten mucho cuidado.* Ukijisikia unasema *muy cuidado* kumhusu mtu, simama, umechanganya mistari miwili.

Na *sé* ya kuamuru iandikwe na alama juu yake. Bila alama, *se* ni kiwakilishi chenye kazi nyingine kabisa.

Kihusishi kinachofuata

Hapa ndipo mtu hujulikana kama anaijua lugha. Kwa vitu na watu, kihusishi cha kawaida ni *con*: *cuidadoso con los libros, con la ropa, con las palabras, con los niños*. Kiswahili kinasaidia, maana nasi tunasema mwangalifu *na* pesa. Onyo hutumia *con* pia: *cuidado con el perro*, maneno utakayoyaona kwenye mageti kuanzia Madrid hadi Bogotá.

Kwa tendo, tumia *al* na kitenzi kisichonyambulishwa: *Sé cuidadoso al firmar documentos*, *Ten cuidado al cruzar*. Kwa eneo la kazi, *en*: *Es cuidadosa en su trabajo.* Utakutana pia na *de*, zaidi katika maandishi, mtu anapojali kitu chake au jambo fulani: *cuidadoso de su imagen*, *cuidadoso de los detalles*. Anayeanza atumie *con*, haitamwangusha.

Kwa jambo la kuepuka, Kihispania hupenda nomino: *Ten cuidado de no caerte*, angalia usianguke. Na kuna muundo mmoja wa jikoni unaofaa kukaririwa mzima: *¡Cuidado, que quema!*, angalia, inaunguza! Hiyo *que* ndiyo inayobeba sababu, wala huhitaji *porque*.

Kutoa onyo kwa mtu sahihi

Waongozaji wa watalii wa Arusha, Zanzibar na Nairobi wanaopokea wageni wa Kihispania wanahitaji sehemu hii kuliko zote, kwa kuwa umbo la kitenzi hubadilika kulingana na unayezungumza naye.

Mtu mmoja wa rika lako, *tú*: *ten cuidado*, *sé cuidadoso*.
Mzee au mtu unayemheshimu, *usted*: *tenga cuidado*, *sea cuidadoso*, na kwa mama *sea cuidadosa*.
Kundi, *ustedes*: *tengan cuidado*, *sean cuidadosos*.
Kundi la Wahispania mliozoeana, *vosotros*: *tened cuidado*, *sed cuidadosos*.

Amerika ya Kihispania haitumii *vosotros* katika mazungumzo. Kundi lolote ni *ustedes*. Kwa hiyo gari likiwa na Wameksiko na Wahispania pamoja, tumia *ustedes* na hakuna atakayeona amevunjiwa heshima. Mgeni wa Argentina anatumia *vos* kwa rafiki yake, na utamsikia akisema *tené cuidado*, mkazo ukiwa mwishoni. Mwelewe tu, si lazima umwige.

Angalia sasa jinsi mgawanyo wetu wa mwanzo unavyofanya kazi katika safari moja. Paa la gari limefunguliwa na watu wamesimama: *Cuidado con la cabeza.* Mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe una kizingiti kirefu: *Cuidado con el escalón.* Wageni wanashuka kwenye mashua: *Tengan cuidado al bajar.* Nyani wamekaribia meza ya chakula: *Cuidado con las mochilas, y no den comida a los monos.* Zote hizo ni hatari za papo hapo. Kisha mnafika kwenye matumbawe, na unachoomba ni mwenendo wa saa nzima ya kuogelea: *Por favor, sean cuidadosos con el coral: no lo toquen ni lo pisen.* Hapo kivumishi kimepata mahali pake, kwa sababu ombi ni juu ya jinsi ya kuwa muda wote mtakaokuwa majini.

Kama hatari inakuja kwa kasi, usitafute sentensi. Piga *¡Cuidado!* peke yake, mkazo kwenye *da*. *¡Ojo!* nayo inaeleweka kote, na Wameksiko wana *¡aguas!* yao. Katika mazungumzo ya haraka, hasa kusini mwa Hispania, *cuidado* husikika kama *cuidao*. Litambue ukilisikia, ila usiliandike hivyo.

Maneno yanayofanana nalo

*Cuidado* lenyewe linaweza kuwa kivumishi, na hapo maana inageuka: kilichotunzwa vizuri. *Un jardín muy cuidado* ni bustani inayotunzwa; *un jardinero muy cuidadoso* ni mtunza bustani mwangalifu. Kwa hiyo *un hombre cuidadoso* ni mwangalifu, na *unas manos cuidadas* ni mikono iliyotunzwa. *Un trabajo cuidadoso* inakubalika, maana uangalifu wa mtendaji umeonekana katika kazi yake. Kinyume chake, *descuidado*, hubeba pande zote mbili: mtu mzembe na kitu kilichotelekezwa.

*Cuidador* na *cuidadora* ni mtu anayehudumia mgonjwa, mzee au mtoto, na ni jina la kazi. *Cariñoso* ni mwenye upendo. Ukitaka kusema mama fulani anawajali watoto wake kwa upendo, *cariñosa* ndilo neno. *Cuidadosa* itamfanya aonekane kama anawabeba kwa tahadhari.

Misemo mitatu yenye *cuidado* huwapotosha watu kabisa. *Un tipo de cuidado* ni mtu wa kuogopwa, wala si mtu mwangalifu. *Me tiene sin cuidado* maana yake ni sijali hata kidogo, na ni kauli kali. Usiitumie ukidhani unamtuliza mtu. *Pierda cuidado* ndiyo inayotuliza: usiwe na wasiwasi.

Kisha kuna majirani zake wa maana. Mfikirie dereva anayetoka Moshi kwenda Dar es Salaam. Anayelitunza gari, anafunga mlango taratibu na hachubui rangi, ni *cuidadoso con el coche* (wengi wa Amerika Kusini watasema *carro* au *auto*). Anayeshika mwendo unaofaa na kuacha nafasi kati yake na lori la mbele ni *prudente*, mwenye busara barabarani. Anayesimama kwanza mbele ya daraja lililofunikwa na maji, akapima, ni *cauteloso*: anahisi hatari, anasogea kwa shaka. Aliyeondoka nyumbani na tairi la akiba, jeki na maji ya kunywa ni *precavido*, aliyejiandaa kabla ya jambo. Na fundi aliyekagua kila nati kabla ya safari ni *minucioso*. *Cuidadoso* inaweza kusimama badala ya karibu yote hayo na ukaeleweka, lakini *cauteloso* haiwezi kusimama badala ya *cuidadoso* kila mahali. Mtoto anayetunza madaftari yake si *cauteloso*.

Kielezi, ulinganisho na mahali pengine pa kivumishi

"Kwa uangalifu" ni *cuidadosamente*, iliyojengwa juu ya umbo la kike *cuidadosa* na kuongezwa *-mente*. Katika mazungumzo, *con cuidado* hutumika zaidi. *Cuidadosamente* inafaa maelekezo na ripoti. Vielezi viwili vikifuatana, *-mente* hubaki kwa cha mwisho tu: *Lo abrió lenta y cuidadosamente*.

Kulinganisha ni *más cuidadoso que* na *tan cuidadoso como*. Kwa aliyezidi wote, kihusishi ni *de*: *la más cuidadosa de la clase*. Ukiweka *en* hapo, kwa kufuata "katika darasa", umekosea.

Magazetini utaona kivumishi kikitangulia nomino, *tras un cuidadoso análisis*, baada ya uchambuzi makini. Ni mtindo wa maandishi. Ukizungumza, kiache nyuma.

Zoezi

Chukua watu watano unaowajua, angalau wawili wawe wanawake, uandike kwa kila mmoja sentensi moja ya *ser* na *cuidadoso con*, ukitaja kitu halisi: simu, pesa, maneno, sare ya shule. Zisome kwa sauti, kisha zigeuze zote ziwe wingi. Makosa ya upatanisho hujitokeza hapo hapo.

Kisha zunguka nyumbani au kazini utafute hatari tano: jiko, waya, sakafu yenye maji, kisu, ngazi. Kwa kila moja toa onyo mara mbili, la *tú* na la *ustedes*, bila kutumia *cuidadoso* hata mara moja: *Ten cuidado con el cuchillo. Tengan cuidado con el cuchillo.* Sakafu ina majina mawili: Hispania huandika *suelo mojado*, Amerika ya Kihispania zaidi *piso mojado*.

Mwisho, fungua CORPES, hazina ya matini ya Real Academia Española, taasisi ya lugha ya Kihispania, inayopatikana bure mtandaoni, uandike *cuidadoso* kwenye kisanduku cha *lema*, yaani umbo la kamusi. Utaletewa mistari kutoka nchi mbalimbali, Guinea ya Ikweta ikiwemo, neno likiwa katikati. Soma mistari ishirini ukitazama vitu viwili tu: kitenzi kilicho kushoto na kihusishi kilicho kulia. Nakili mitatu ambayo usingeweza kuitunga mwenyewe, ubadilishe mtu na kitu, na mpe mwalimu au Mhispania yeyote unayewasiliana naye aisahihishe.